Nembo tuliyoilipia ni mali ya nani, na sisi wateja tuna wajibu gani?

Katibu wa kikundi, Kilifi

Habari zenu nyote. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama kinachokamua mafuta ya nazi katika Kaunti ya Kilifi. Tunatengeneza mafuta ya kula na mafuta ya kupaka. Kwa muda mrefu tuliyauza katika chupa zisizo na lebo, hadi tulipopata duka kubwa lililokuwa tayari kuyachukua kwa sharti kwamba yawe na jina, nembo na maelezo kamili. Tulimtafuta mbunifu wa michoro anayejitegemea, akatuchorea nembo, lebo za aina mbili na mchoro wa katoni. Hatukuandikiana mkataba. Tulichonacho ni mazungumzo ya WhatsApp yanayoonyesha kazi tuliyoagiza na bei tuliyokubaliana, pamoja na risiti za M-Pesa za malipo ya awali na ya kumalizia.

Kazi yenyewe tuliipenda, na mpaka leo wateja wanaisifu. Mgogoro umezuka baada ya kubadilisha ukubwa wa chupa. Mpiga chapa anasema faili ya PDF tuliyopewa haiwezi kurekebishwa vizuri, kwa hiyo tukamwomba mbunifu faili ya asili. Amejibu kwamba faili hiyo huuzwa kando, kwamba hakimiliki ni yake, na kwamba hatuna ruhusa ya kumpa mtu mwingine aibadilishe. Wakati huohuo tumeona mojawapo ya rasimu tulizozikataa ikiwa kwenye bidhaa ya mfanyabiashara mwingine, na kilichobadilishwa ni jina tu. Liko pia suala la mchoro wa mnazi ulio katikati ya nembo: ulichorwa kwa kufuata picha ambayo mwenzetu mmoja aliipata kwenye intaneti na kumtumia mbunifu.

Naomba kueleweshwa. Je, nembo ni yetu au ni yake? Je, tunaweza kudai faili ya asili? Rasimu zilizokataliwa ni za nani? Picha ile inaweza kutuletea matatizo? Tunatarajia kuanza kuuza Tanga, na baada ya hapo tutahitaji lebo ya sabuni, kwa hiyo ningependa pia kujua ni mambo gani ambayo sisi, kama wateja, tunapaswa kuyatimiza ili tusirudi kwenye mvutano huu.

Wakili, Mombasa

Bi. Katibu, salamu. Nitajibu kwa kufuata sheria ya Kenya, kwa kuwa kazi hii iliagizwa, ikafanywa na ikalipiwa hapa nchini.

Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 kinaanza kwa kusema kwamba hakimiliki humwangukia kwanza mtunzi wa kazi. Kisha kinaongeza kwamba kazi ikiwa imeagizwa na mtu ambaye si mwajiri wa mtunzi, au ikiwa imefanywa na mwajiriwa katika shughuli za ajira yake, hakimiliki itahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, ila kama wahusika wamekubaliana kuuzuia au kuuwekea mipaka uhamisho huo. Kwa maneno mengine, pale ambapo watu wamenyamaza, sheria yetu inamwelekea aliyeagiza. Mbunifu anayedai kwamba hakimiliki imebaki kwake ndiye anayepaswa kuonyesha makubaliano yanayosema hivyo. Yasomeni upya mazungumzo yenu tangu mwanzo: kama hakuweka sharti hilo kabla ya kazi kuanza, nanyi hamkulikubali, basi sharti alilolitaja baada ya kukabidhi kazi na kupokea fedha zote haliwezi kuwabana peke yake.

Yako mambo matatu ambayo hayafuatani na hakimiliki moja kwa moja, na ndiyo watu huyachanganya.

Kwanza ni haki za kimaadili, ambazo zimo katika kifungu cha 32. Hata hakimiliki ikiwa yenu yote, mbunifu anabaki na haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi, na haki ya kupinga kazi yake isiharibiwe kwa namna itakayoshusha heshima au sifa yake. Haki hizi hazihamishwi akiwa hai. Kurekebisha lebo ili iingie kwenye chupa ndogo hakuna ubaya wa namna hiyo, lakini ni vizuri mjue mpaka uko wapi.

Pili ni faili ya asili. Uhamisho wa hakimiliki unawapa haki ya kuirudufu nembo, kuirekebisha na kumzuia mwingine asiitumie. Haumaanishi moja kwa moja kwamba mbunifu ana wajibu wa kuwakabidhi kila faili aliyoifanyia kazi katika kompyuta yake. Wajibu huo unatokana na mlichoagiza. Kama mliandika kwamba mnataka lebo zilizo tayari kuchapwa, ameshatimiza. Kama mliandika kwamba mnataka nembo katika faili zinazoweza kurekebishwa, bado mnamdai. Kwa vyovyote vile hawezi kuwakataza kumtafuta fundi mwingine aichore upya nembo yenu ikiwa hakimiliki ni yenu.

Tatu ni rasimu. Hapa kuna nafasi ya kubishana, na sitaki kuwapa matumaini yasiyo na msingi. Mbunifu anaweza kusema kwamba mlichokiagiza ni nembo moja, na kwamba rasimu zilizokataliwa hazikuwahi kuwa kazi yenu. Ninyi mnaweza kusema kwamba zilichorwa kwa agizo lenu, kwa maelezo yenu na kwa fedha zenu. Kwa maoni yangu hoja yenu ina uzito zaidi iwapo bei ilikuwa moja kwa shughuli nzima, lakini kilichoandikwa mapema kingewaepusha na ubishi wote. Linganisheni pia rasimu hiyo na nembo mliyoichagua: kama zinafanana kiasi cha kumchanganya mnunuzi, mna lalamiko jingine kabisa, ambalo ni la nembo yenu iliyokubaliwa.

Kuhusu picha ya mnazi, sheria haimlindi mtu yeyote dhidi ya watu wengine kuchora minazi. Kinacholindwa ni jinsi mtu fulani alivyouchora au kuupiga picha mnazi fulani. Tatizo linakuja pale ambapo mchoro wenu umeufuata ule mwingine kwa umbo, mikunjo ya makuti, mwinamo wa shina na mpangilio wake. Kifungu cha 35 kinamhesabu kuwa amevunja hakimiliki yule aliyefanya kitendo kilichozuiwa na pia yule aliyesababisha kifanywe, kwa hiyo mteja aliyetuma picha hawezi kujikinga kwa kusema kwamba mkono uliochora haukuwa wake. Itafuteni asili ya picha hiyo, mwone imewekwa na nani na kwa leseni gani. Ikiwa haijulikani, mchoro huo ubadilishwe mapema, kabla hamjachapa maelfu ya lebo.

Mwisho, yahifadhini mazungumzo hayo ya WhatsApp katika simu yenyewe. Mahakama hupokea ushahidi wa kielektroniki, lakini kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka masharti fulani yatimizwe, ikiwemo cheti kinachoeleza jinsi nakala ilivyotolewa. Na kama mvutano utabaki kuwa wa fedha na huduma isiyotolewa, ipo Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000.

Mbunifu wa michoro, Nairobi

Bi. Katibu, nakupa pole kwa usumbufu. Ninafanya kazi hii ya kujitegemea, na nadhani ni haki upande wetu nao usikike, kwa sababu wateja wengi huja na imani kwamba wakishalipa wamenunua kila kitu kilichopita mikononi mwa mbunifu.

Fundi akikushonea kanzu, anakukabidhi kanzu. Karatasi alizokatia vipande hubaki kwake, na bei ya kanzu haikuzihesabu. Faili ya asili ina tabaka zangu, njia zangu za kufanya kazi na wakati mwingine fonti ambazo nimezilipia leseni kwa jina langu. Fonti hizo siwezi kumpa mteja hata nikitaka, kwa kuwa waliozitengeneza wamenipa mimi ruhusa ya kuzitumia na hawakunipa ruhusa ya kuzigawa. Ndiyo maana maandishi hugeuzwa kuwa michoro kabla ya faili kwenda kwa mpiga chapa, na baada ya hapo hayawezi tena kuhaririwa kama maandishi. Mteja anayejua atahitaji kubadilisha uzito, tarehe au viambato aseme mapema, ili tuchague fonti yenye leseni huria ambayo kila mmoja anaweza kuiweka katika kompyuta yake.

Kuhusu hakimiliki, mikataba ninayosaini na wateja wa Uingereza na Marekani inasema kwamba kazi ni ya mbunifu hadi atakapoihamisha kwa maandishi. Nilikuwa nikiamini kwamba ndivyo ilivyo kila mahali, na ningependa wakili alifafanue hilo.

Lakini jambo ambalo ningependa Bi. Katibu alichukue kwa uzito ni la wajibu wa mteja, kwa maana hapo ndipo kazi nyingi huharibikia, kuliko hata kwenye hakimiliki. Kikundi kinapoagiza kazi, kichague mtu mmoja wa kuidhinisha. Mbunifu akipokea maoni ya mwenyekiti asubuhi, ya mweka hazina mchana na ya mwanachama mwingine usiku, na kila mmoja anapinga la mwenzake, hakuna nembo itakayokamilika, na kila rasimu ya ziada ni muda ambao hakuna aliyekubali kuulipia. Wanachama wazungumze kwanza wao kwa wao, halafu yule mmoja alete jibu moja, lililoandikwa.

Maandishi ya lebo nayo ni kazi ya mteja. Mimi siwezi kujua viambato vya mafuta yenu, uzito halisi, anwani, wala tarehe ya mwisho ya matumizi. Nikiandikiwa kwa ujumbe wa sauti, nikakosea herufi, na mteja akaidhinisha bila kusoma, tutalaumiana wote wawili huku lebo zikiwa zimekwisha kuchapwa. Mteja alete maandishi yaliyokamilika, yaliyosomwa na watu wawili, na mimi niyanakili kama yalivyo. Sahihi yake kwenye rasimu ya mwisho ina maana kwamba ameisoma yote, hata yale maandishi madogo ya chini.

Na mteja asinyamaze. Wapo wanaolipa malipo ya awali, wakapokea rasimu, wakatoweka kwa miezi, kisha wakarudi wakitaka kazi iishe kesho kwa sababu maonyesho ya biashara yamefika. Mkataba uweke muda wa mteja kujibu kama unavyoweka muda wa mbunifu kuwasilisha.

Kuhusu rasimu iliyouzwa kwa mtu mwingine, sitamtetea mwenzangu. Hata pale ambapo mkataba umeniachia rasimu, kuichukua iliyochorwa kwa maelezo ya kikundi cha mafuta ya nazi na kumpa mshindani wake katika soko lilelile ni kumkosea mteja, na kunaharibu jina la kazi yetu sote.

Mbunifu, Leicester

Mimi ni mzaliwa wa Malindi na ninafanya kazi hii Uingereza, kwa hiyo naweza kuchangia kwenye swali la ndugu wa Nairobi.

Anayoyaona katika mikataba yake ni kweli kwa nchi hizo. Hapa, Sheria ya Hakimiliki, Usanifu na Hataza ya mwaka 1988 inampa mwajiri kazi ya mwajiriwa wake, lakini haimpi mteja kazi ya mbunifu wa kujitegemea. Hiyo ni ya mbunifu, na uhamisho wake haukamiliki bila maandishi yaliyosainiwa. Marekani nako, sheria ya mwaka 1976 inakubali kazi ya kuagizwa ihesabiwe kuwa ya mwagizaji tangu mwanzo katika makundi tisa tu, na kwa maandishi yaliyosainiwa na pande zote mbili. Nembo si kundi mojawapo. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kwamba mchongaji James Earl Reid, aliyeagizwa sanamu na shirika la kutetea watu wasio na makazi, hakuwa mwajiriwa wa shirika hilo, kwa hiyo lisingeweza kudai sanamu hiyo kuwa yake kwa njia ya ajira.

Kesi ambayo kila mteja angenufaika nayo ni ya viatu vya Dr. Martens. Mwaka 1988 mbunifu wa kujitegemea aitwaye Ross Evans, akifanya kazi kupitia wakala wa matangazo kwa paundi 15 kwa saa, aliunganisha alama mbili za kampuni hiyo kuwa nembo moja. Hakuna aliyeandika lolote kuhusu hakimiliki. Mwaka 2002 Evans aliiuza hakimiliki hiyo kwa Raben Footwear, kampuni ya Australia iliyokuwa ikishindana na wenye viatu. Kampuni ya Griggs, yenye viatu hivyo, iliyokuwa ikitumia nembo hiyo kwa miaka mingi duniani kote, ililazimika kwenda mahakamani kudai nembo yake yenyewe. Ilishinda Mahakama Kuu, ikashinda tena Mahakama ya Rufani mwaka 2005, kwa hoja kwamba pande zote zilielewa tangu mwanzo kuwa kazi ile ilikusudiwa kuwa ya kampuni, na mwingine asiweze kuitumia. Angalieni lakini gharama ya kufika huko, wakati aya moja iliyosainiwa mwaka 1988 ingeyamaliza yote.

Wakili, Mombasa

Namshukuru ndugu wa Leicester. Ndugu wa Nairobi, hapo ndipo penye chanzo cha mivutano mingi ninayoiona ofisini. Mbunifu wa Kenya hupakua mkataba wa Marekani, mteja wa Kenya husoma makala ya Uingereza, na kila mmoja anatetea sheria ambayo haimhusu. Ukifanya kazi na mteja wa Mombasa bila kuandikiana, kifungu cha 31 kinaihamisha hakimiliki kwake. Zingatia tena kwamba kifungu hicho hakikutaja malipo. Mbunifu anayetaka hakimiliki ibaki kwake hadi alipwe senti ya mwisho anapaswa kuliandika hilo yeye mwenyewe, mapema, na mteja akubali. Ni sharti la haki kabisa, na mimi huwashauri wateja walikubali.

Na hata pale ambapo sheria inamwelekea mteja, ninapendelea iandikwe. Uhamisho wa hakimiliki kwa makubaliano, pamoja na leseni ya kipekee, haufanyi kazi hapa nchini bila maandishi yaliyosainiwa na anayehamisha au kwa niaba yake. Kifungu cha 33 kinasema hivyo. Kwa lebo ya sabuni mnaweza kuanza na maneno kama haya:

“Malipo yote yatakapokamilika, Mbunifu anamhamishia Mteja hakimiliki yote ya nembo na lebo zilizoidhinishwa, kwa nchi zote na kwa muda wote wa ulinzi wa sheria. Mbunifu atamkabidhi Mteja faili zinazoweza kurekebishwa pamoja na orodha ya fonti na picha zilizotumika na leseni zake. Rasimu ambazo hazikuidhinishwa zinabaki kwa Mbunifu, ila hatazitumia wala kumpa mtu mwingine kwa bidhaa za nazi au bidhaa zinazoshindana na za Mteja. Mteja anathibitisha kwamba maandishi na picha zote alizozitoa ni zake au ana ruhusa ya kuzitumia. Mbunifu anathibitisha vivyo hivyo kwa alivyovileta yeye. Mbunifu anaweza kuionyesha kazi iliyochapishwa miongoni mwa kazi zake.”

Sentensi ya mwisho wateja wengi huipinga bila sababu. Mbunifu hupata kazi kwa kuonyesha alizozifanya. Mpeni nafasi hiyo, mkiweka tu kwamba asionyeshe kabla bidhaa haijaingia sokoni.

Mfanyabiashara wa viungo, Dar es Salaam

Bi. Katibu, kwa kuwa umetaja Tanga, naomba niongeze la upande huu. Kifungu cha 31 mnachokizungumzia ni cha Kenya na hakivuki Lunga Lunga kuingia Horohoro. Huku tunaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, inayosimamiwa na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, na Zanzibar wana sheria yao na ofisi yao, COSOZA. Kazi iliyotungwa Kenya inalindwa huku bila kusajiliwa, kwa kuwa Kenya ilijiunga na Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda hakimiliki, mwaka 1993 na Tanzania ikafuata mwaka 1994. Lakini ukitakiwa kuonyesha kwamba wewe ndiye mwenye haki, karatasi iliyosainiwa inayotaja nchi zote itakusaidia kuliko maelezo ya sheria ya nchi nyingine. Nafurahi kuona wakili ameyaweka maneno hayo katika mfano wake.

Jambo kubwa zaidi kwako ni alama ya biashara. Hakimiliki inaulinda mchoro. Haililindi jina la mafuta yenu. Mtu anaweza kuchora nembo tofauti kabisa, akatumia jina lilelile, na hakimiliki isikusaidie kitu. Usajili wa Kenya, unaofanywa KIPI, taasisi ya mali za ubunifu, ni wa Kenya. Tanzania Bara unaomba BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ambako usajili wa kwanza ni wa miaka 7 na baadaye unahuishwa kwa miaka 10, na Zanzibar unaomba kando kwa wakala wao, BPRA. Bidhaa hupangwa kwa madaraja ya kimataifa: mafuta ya nazi ya kula yamo daraja la 29, ya kupaka yamo daraja la 3 pamoja na sabuni. Ukisajili moja ukaacha jingine, umeacha nusu ya bidhaa zako nje. Na usipeleke maombi kabla ya kumaliza suala la picha ile ya mnazi, kwa sababu ada utakayolipa kwa nembo ambayo huenda ikalazimika kubadilishwa utailipa tena.

Mpiga chapa, Mombasa

Assalam aleikum. Nitasema machache ya karakana. PDF si mbaya yenyewe. Kama mbunifu aliihifadhi ikiwa na michoro ya vekta, yaani ya mistari inayoweza kukuzwa bila kuharibika, fundi mzuri anaweza kuifungua na kuirekebisha, ila maandishi. Kama ndani yake kuna picha tu, hapo hakuna la kufanya. Mletee mtu anayejua aifungue kabla ya kuendelea kugombana na mbunifu.

Katika kazi ijayo, agizeni faili ya kuchapia yenye rangi nne za chapa, kwa kuwa rangi za kioo cha simu hubadilika zikifika kwenye karatasi, na ukingo wa ziada wa milimita 3 kila upande, na picha zisizopungua nukta 300 kwa inchi. Mteja aombe nakala ya majaribio, aitie sahihi, na aiweke. Kwa mafuta, lebo iwe ya plastiki. Ya karatasi hunyonya mafuta na kubadilika rangi dukani, halafu lawama huja kwangu.

Msimbo wa mistari nao ni wajibu wa mteja. Namba hutolewa na GS1 Kenya na huanza na 616. Mmesema mmebadilisha ukubwa wa chupa: kiasi kilichoandikwa kwenye lebo kikibadilika, bidhaa hiyo inahitaji namba mpya, msiitumie ya zamani. Alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, haiwekwi kwenye lebo kabla ya kibali kutoka, na maelezo ya mafuta ya kula yafuate kiwango cha EAS 38 cha Afrika Mashariki, ambacho maafisa wa Tanga nao wanakitambua. Mbunifu hawezi kuwatafutia haya.

Katibu wa kikundi, Kilifi

Nawashukuru nyote kwa moyo. Tumeyasoma majibu haya pamoja katika kikao na tumeyarudia mazungumzo yetu ya WhatsApp tangu ujumbe wa kwanza. Mbunifu hakutaja hakimiliki mahali popote kabla ya kazi kukabidhiwa, lakini ni kweli pia kwamba sisi tuliagiza “lebo tayari kwa kuchapwa” na hatukutaja faili ya asili. Kwa hiyo tumeamua kumwendea kwa upole, tumlipe kiasi cha haki kwa faili hiyo na kwa kuuchora upya mnazi kutokana na picha tuliyoipiga wenyewe shambani, na papo hapo tusaini naye maneno aliyoyapendekeza wakili, yakihusu kazi ya kwanza pia. Suala la rasimu iliyouzwa tutalizungumza naye uso kwa uso, na tumemteua mwenyekiti kuwa ndiye pekee atakayeidhinisha lebo ya sabuni.

Nina swali moja la mwisho. Risiti zote za M-Pesa ziko kwa jina la mweka hazina wetu, kwa sababu wakati ule kikundi hakikuwa na akaunti yake. Je, hilo linaweza kumfanya yeye ndiye aonekane kuwa mwagizaji?

Wakili, Mombasa

Linaweza kuleta utata, hasa mkitengana siku za mbele au mweka hazina akiondoka. Katika hati mtakayosaini na mbunifu, andikeni jina la kikundi kama lilivyo katika cheti cha usajili kuwa ndilo Mteja, na muongeze sentensi inayosema kwamba malipo yaliyofanywa kupitia simu ya mweka hazina yalifanywa kwa niaba ya kikundi, mkitaja tarehe na kiasi cha kila risiti. Mweka hazina naye asaini sentensi hiyo. Maombi ya alama ya biashara yawe kwa jina hilohilo la mwenye hakimiliki, herufi kwa herufi, na nakala ya hati ikae kwenye faili la kikundi, pamoja na nakala ya majaribio yenye sahihi ambayo mzee wa chapa ameitaja.